Sala za Kunong'ona

Jumanne, Campbelltown

Nilimkatiza, na roho bado inanisuta.

Leo nilifundisha dini ya watumwa wa Marekani: walivyokutana msituni kwa siri, wakatundika mablanketi yaliyolowa maji ili sauti za sala zisiwafikie mabwana zao. Vijana waliandika tu. Ndipo Esperance, mama wa makamo kutoka Kongo anayesoma huku akifanya kazi ya kuwatunza wazee, akanyoosha mkono.

"Sisi pia tuliomba hivyo tulipokimbia vita," alisema. "Mtoto wangu akaanza kulia. Nikamziba mdomo mpaka..."

Darasa zima likanitazama. Nami, na ualimu wangu wote huu, nikasema, "Asante, tuendelee," nikafungua slaidi inayofuata.

Kipindi kilipokwisha alinisubiri mlangoni. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, unisamehe, niliharibu somo yako."

"Hapana, mama, hukuharibu kitu."

Akashukuru, akaenda kuwahi treni ya Liverpool, kitongoji cha jirani. Ningeweza kumwita. Nilibaki nimesimama na funguo mkononi.

Sijui mtoto yule aliitwa nani. Sikuuliza.