Namba Zilizo Kwenye Daftari la Donatien

Mama Teta mpendwa,

Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo wazee wa mwanaume mmoja wanakuja nyumbani kwangu hapa Kamembe kuniomba rasmi, na mimi mpaka leo sijui kama nitawapokea na kreti ya Fanta au na polisi. Usishangae nikianza hivi, chakula chenyewe hakinishuki.

Mimi ni mjane, mume wangu alifariki miaka sita iliyopita akaniachia binti mmoja, Isimbi, na depo ya sukari karibu na soko, nauza kwa jumla, wateja wangu wengi ni akina mama wanaovuka kwenda Bukavu na wengine wanatoka Gashonga na Rwimbogo. Depo naiendesha na wifi yangu Mukeshimana, dada wa marehemu, ambaye tangu msiba hajaniacha hata siku moja, ufunguo mmoja anao yeye na mwingine ninao mimi, ni mwanamke hodari, hakai bure, wateja wasipokuwepo utamkuta mlangoni anashona nyavu za isambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, za kaka zake wavuvi mpaka vidole vimekatwakatwa na uzi, na Jumapili baada ya misa, mimi nikiwa napumzika, yeye anakwenda kufagia depo peke yake. Kusoma hapendi, gazeti kwake ni la kufungia karanga, ndiyo maana nimekuandikia bila hofu.

Sukari yetu inatoka Dar es Salaam, inapanda treni mpaka Isaka, huko inashushwa na kupakiwa kwenye malori, ndipo ivuke mpaka pale Rusumo na kuja mpaka huku kwetu mwisho wa nchi. Kwa kuwa mzigo wangu ni mdogo tunajiunga wafanyabiashara watano, tunamtuma mtu mmoja wa kuusindikiza njia nzima, convoyeur, na huyo ndiye Donatien. Ni mtu mzima, mpole, mke wake naye alitangulia, na baada ya Pasaka aliniambia anataka tuishi pamoja kihalali. Nilikubali, Mama Teta, na nilikubali kwa furaha, sikufichi.

Shida ilianza na hiyo treni. Zamani tulingoja wiki tatu, sasa ni mwezi, mwezi na nusu, na kila nikipiga simu Donatien ananiambia mabehewa hakuna, mara mabehewa yapo lakini injini hakuna, mara injini imekuja ikavuta sita na kuacha mawili. Mimi nimezaliwa Gashonga, huku hakuna reli, treni sijaiona maisha yangu yote, nitajuaje? Wifi yangu ndiye alinifungua macho, wiki chache baada ya kumwambia nimekubali posa. Aliniuliza, "Maman Isimbi, uliona train na macho yako?" Nikasema hapana. "Basi! Muntu akitaka kudanganya batu, anachagua kintu yenye habajaonaka. Ule Donatien iko na mwanamuke kule Isaka, njo anamukawisha, na sukari yako njo banakunywa nayo chai."

Nilimwambia anyamaze. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Mzigo uliopita ulipofika tuliyahesabu magunia, yakatimia, tukaingiza ndani tukafunga. Siku tano baadaye, Jumatano, mteja wangu Maman Uwera akarudi na gunia kichwani kwa mbebaji, amekasirika, akaniambia mbele ya watu, "Iyi gunia ni ya bakubwa ao ya batoto? Ku mizani yangu inakosa kilo tatu!" Nikapima mengine. Manne yalipungua, na yote manne midomo yalikuwa yameshonwa upya kwa uzi wa nailoni wa bluu, ule mgumu unaokata vidole, siyo uzi mweupe wa kiwandani. Wifi akapiga makofi. "Si nilikuambiaka? Ni kule ku train njo banafungulaka."

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Donatien alipokuja kunywa chai kwangu akaacha mfuko wake kwenye kiti akaenda kunawa mikono, nami nikaufungua. Nilikuta shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, imechomekwa kwenye kidonge cha uzi mweupe. Mtu asiyefungua magunia anabeba shazia ya nini? Na chini yake daftari dogo, kurasa na kurasa za namba, hakuna jina hata moja, namba za tarakimu saba saba, na pembeni ya kila namba herufi mbili tu. Nikajua hizi ni simu za wanawake, amekata zile tatu za mwanzo ili mimi nisizielewe. Nyingine zilikuwa na herufi M.I., na hizo amezizungushia duara mara mbili, nyingine zote hazina duara. Nikazinakili tatu za huyo M.I. haraka haraka. Alipoondoka nikaziwekea 078 mbele nikapiga. Mbili hazikupatikana. Ya tatu akapokea mwanamke, anaongea taratibu, anasema yuko Rwimbogo anachuma maharage, nikamwuliza Donatien ni nani kwake, akasema hamjui Donatien yeyote, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua, nikakata.

Na sasa ndio imekuwa mbaya zaidi. Safari hii Donatien yuko Isaka siku ya kumi na tisa. Juzi dereva Bashige, mtu wa Muganza ambaye siku nyingine anabeba saruji, amefika na lori limejaa sukari ya wenzangu wanne. Yangu haipo. Wifi ananiambia, "Unaona? Ya bote imefika, ya kwako peke yake njo inapotea!" Na Donatien alikuwa ameshaniandikia ujumbe kabla lori halijafika, naunakili hapa kama ulivyo: "Maman Isimbi, behewa yako imebaki Tabora. Miye siwezi kuiacha, nabaki naingojea. Kama samedi inafika na sijarudi, bazee batakuja bila miye, usibakatale." Eti wazee waje bila yeye! Mwanaume gani anakosa siku yake mwenyewe kwa ajili ya behewa? Sijamjibu, ni wiki nzima leo, simu yake pia sipokei.

Mama Teta, niwazuie wazee? Nimshitaki? Ama mimi ndiye nimerukwa na akili? Naomba jibu la haraka, na usiandike jina langu, weka herufi tu.

Ni mimi,
M.I., Kamembe


MAMA TETA ANAJIBU

M.I., dada yangu, pole kwa wasiwasi, na pole zaidi kwa huyo mama wa Rwimbogo. Majina ya ndani ya barua yako nimeyabadilisha yote, ila herufi ulizosaini nazo nimeziacha, na jina jipya nililokupa nimelichagua lilingane nazo, mwishoni utaona kwa nini.

Tuanze na namba. Mimi nimezaliwa Kalemie, nyuma ya stesheni, baba yangu aliunganisha mabehewa mpaka mgongo ukamwisha. Kila behewa lina namba ubavuni, imeandikwa kwa rangi nyeupe, kubwa, ili mtu aisome akiwa mbali. Msindikizaji asiyeandika namba za mabehewa yake ni mtalii. Wewe umechukua namba ya behewa, ukaitia 078 mbele, ukalipigia simu, na lilipokataa kupokea ukaona wivu! Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Halafu nikamkumbuka yule mwanamke aliyekuwa anachuma maharage yake kwa amani, kicheko kikakata.

Treni ipo, mama. Usiyoiona si lazima iwe uongo, hata bahari hujaiona na chumvi yake unakula. Reli ipo na mzigo upo, ila mabehewa ni machache na injini za kuyavuta ni chache zaidi. Sukari inayataka, mbolea inayataka, mafuta ya kupikia yanayataka, na yale yaliyokwenda mbali hayarudi upesi. Mvua nayo ikila tuta la reli, siku tatu hakuna kinachopita. Wewe wa Gashonga utanielewa: siku ya soko wako watu kumi na wanne barabarani na moto moja, pikipiki moja tu ya abiria. Anapandishwa nani? Mwenye mizigo mingi na sauti kubwa. Anayebaki na kikapu chake kidogo ni wewe. Ndiyo maana ya wenzako imefika na yako imebaki Tabora, na hapo hapahitaji mchawi wala mchepuko.

Sasa nisikilize vizuri, na uache hasira kidogo, maana hapa nitakukaripia. Wewe ni mfanyabiashara wa miaka na miaka. Mzigo ulipofika ulihesabu magunia. Je, uliyapima? Hukupima. Ulipima siku tano baadaye, baada ya kelele za Maman Uwera. Kwa hiyo wewe hujui, na mimi sijui, kama hizo kilo zilitokea Isaka au zilitokea Kamembe. Kati ya lori na mteja kuna siku tano, na ndani ya hizo siku tano kuna Jumapili.

Kwenye mfuko wa Donatien ulikuta uzi gani? Mweupe. Umeandika mwenyewe. Magunia yakishushwa kwenye behewa na kurushwa kwenye lori hupasuka, na msindikizaji mwenye akili huyashona hapo hapo, shazia ni kazi yake kama mwiko kwa mpishi. Na magunia yaliyopungua yalishonwa kwa uzi gani? Wa bluu, wa nailoni, unaokata vidole. Maneno yako hayo. Rudi sasa juu ya barua yako utafute ni vidole vya nani vimekatwakatwa na uzi, na anashona nini, na ameketi mlango gani. Kisha nenda ukautazame wavu wa isambaza uone una rangi gani.

Mimi sisemi Mukeshimana ni mwizi. Sikuwepo. Ila wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umekwenda kukitafuta Isaka. Na kama ni yeye, hebu jiulize kwa nini maneno ya mwanamke wa Isaka yalianza baada ya Pasaka. Depo hiyo ni ya kaka yake marehemu. Ameifagia miaka sita. Siku utakapoolewa, ufunguo wake utakwenda wapi? Je, umewahi kumwambia? Najua hujamwambia, kwa sababu wewe hukuiona hofu yake, ulikuwa umeshughulika na namba za simu. Mwanamke anayeogopa kufukuzwa huanza kujiwekea kidogo kidogo. Ni kosa, na halina sifa, lakini linaeleweka.

Basi fanya hivi. Polisi wasahau. Kufuli usibadilishe, na kwa wifi yako usinune wala usimtazame vidole. Behewa likifika na lori likaja, siku hiyo mtume Mukeshimana mbali na soko kwa shughuli ndefu, weka mizani chini mkiani mwa lori, pima kila gunia mbele ya Donatien na Bashige, na uandike uzito kwa kalamu nene chini ya gunia, upande unaolala. Jumapili mwache afagie kama kawaida yake. Jumatatu asubuhi pima tena. Kama uzito ni ule ule, utamwomba msamaha moyoni kwa niaba yangu na yako. Kama umepungua, usipige kelele mlangoni, watu wa soko wasipate sinema ya bure. Mkalishe ndani pamoja na kaka yake mkubwa, mwonyeshe uzi, kisha umwulize anaogopa nini. Halafu mpe nafasi yake katika depo iliyoandikwa na kushuhudiwa, iwe umeolewa au hujaolewa. Aliyekaa nawe wakati wa msiba asiishi kwako kama mpangaji. Akirudia baada ya hapo, ufunguo uchukue, na hapo sitamtetea.

Yule mama wa Rwimbogo mpigie leo. Sema jina lako, sema kosa lako, usijieleze sana.

Wazee wapokee Jumamosi. Fanta iwe baridi, na Mukeshimana akae mbele, karibu nawe, kama dada wa nyumba hiyo. Donatien asipofika, wote wataambiwa kwa nini, nawe ndiye utakayesema, kwa mdomo wako: amebaki kulinda sukari yangu.

Na sasa zile herufi. Donatien anasindikiza mizigo ya watu watano, kwa hiyo kando ya kila behewa ameandika ni la nani. Wote wamepata herufi mbili na basi. Mmoja tu ndiye aliyezungushiwa duara, mara mbili. Umemwonea wivu huyo M.I. mpaka chakula hakikushuki, na bado umechukua kalamu ukaweka herufi zake chini ya barua yako.

Mjibu yule mwanaume. Mwandikie leo, behewa likiwa bado Tabora. Mzigo ukishafika mlangoni kila mtu anaamini, hata wifi yako.