Dereva Haingii

Leeds, 4 Februari 1968

Baba mpendwa,

U hali gani? Huku baridi tu, mimi na mume wangu Trevor wazima. Edna jirani yako ameniandikia kwamba kidonda kimekuwa cheusi, na daktari anataka kuukata mguu chini ya goti kabla sumu haijapanda. Kumbe umekataa kutia sahihi! Baba, naogopa. Postamani akipita tu, nakimbilia mlangoni. Tafadhali, kubali.

Mwanao, Glenys

Kettering, 7 Februari

Glenys mwanangu,

Mimi mzima. Chai nakunywa bila sukari, kama hiyo nayo ni chai. Mwambie Edna afue mapazia yake, aachane na soksi zangu. Nimekata ngozi za viatu kiwandani miaka arobaini na moja, na sijaona duka linalouza kimoja. Nusu mtu sitaki kuwa. Ukiutaja tena mguu, sikujibu.

Baba yako

Leeds, 12 Februari

Baba,

Umelalaje? Unakula? Haya, sitautaja. Nimenunua kigari cha plastiki cha kuunganisha, kile cha mbio, cha kijani. Nataka kukitia mota, nije nacho Pasaka nishindane na wenzako wa chama cha vigari pale juu ya baa. Usicheke. Nianzie wapi?

Mwanao, Glenys

Kettering, 15 Februari

Mwanangu,

Nimecheka mpaka Edna akagonga ukuta. Wewe uliyetengeneza pasi ikatoa moshi! Haya, sikiliza. Sakafu ya kigari iliyomo kwenye boksi itupe. Tengeneza fremu ya shaba, mota ikae katikati. Mbele, chini, weka ulimi wa kuingia kwenye ule mfereji mwembamba wa njia ya mbio. Huo ndio usukani wako. Ubavuni mwake pitisha nyaya mbili za kuchota umeme ulio kwenye njia. Bodi, lile ganda la juu, ikwangue kwa ndani iwe nyepesi. Usiwe na pupa.

Baba yako

Leeds, 26 Februari

Baba,

Hujambo? Trevor anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi tangu niichome meza yake kwa chuma cha kulehemu. Kigari kinatembea! Ila dereva, yule mtu wa plastiki wa kwenye boksi, haingii. Miguu yake inagonga mota, bodi haifungi. Nimwache nje? Lakini sheria zenu zinataka dereva. Nifanyeje?

Mwanao, Glenys

Kettering, 29 Februari

Mwanangu,

Dereva mkate kiunoni. Usimwonee huruma. Kabatini nina madereva kumi na tisa, hakuna mwenye miguu, na hakuna aliyewahi kunishtaki. Kinachotakiwa ni kichwa, mikono, na macho ya kutazama mbele. Asiyekatwa anabaki kwenye boksi. Mwandiko usiujali, ni homa kidogo.

Baba yako

Leeds, 2 Machi

Baba,

Homa hiyo imeninyima usingizi. Nimemkata dereva. Amekaa sawasawa, na bodi imefunga. Nilikuahidi sitautaja, na siutaji. Ila barua yako ya tarehe 29 nimeikunja ndani ya hii. Naomba uisome mwenyewe, kwa sauti.

Mwanao, Glenys

Leeds, 11 Machi

Baba, hata neno moja tu. Edna naye kimya. Keshokutwa napanda treni.

Glenys

Hospitali, Kettering, 12 Machi

Glenys wangu,

Hujambo, mama? Anakuandikia Edna, mimi nasema tu. Yeye alikuwa nami huku siku zote hizi, ndiyo maana ukaona kimya. Ile barua niliisoma. Nilimkasirikia aliyeiandika, kisha nikaagiza kalamu.

Wamekata juu ya goti. Mwezi uliopita ingekuwa chini yake. Hilo ni kosa langu, usimlaumu mtu. Nililia sana, Edna shahidi. Homa ilishuka jana.

Nyumbani, chini ya kitanda changu, kuna kiatu kipya cha kushoto, namba tisa. Kitafutie mtu. Na dereva wako mlete hapa wodini, usisubiri Pasaka. Nataka kuona umemkata vizuri.

Baba yako