Kilele cha Pili Kwenye Unga Wako wa Mapera

Mama,

Shikamoo. Tangu tukuzike pale Gonja, nyuma ya migomba, sijakuandikia neno. Leo nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo baya, na sina mwingine wa kumweleza.

Mdogo wako, mama mdogo Naetwe, ndiye aliyeshika kikundi cha akina mama. Bado wanakausha mapera, wanasaga, wanashusha unga Same sokoni kwa ajili ya uji wa watoto. Pakiti ni zile zile ulizoziandika wewe: "Vitamini C ya mapera tu." Lakini mimi nilianza kumshuku. Unga wake haukuwa na weusi hata ule uliokaushwa masika, jua likiwa haba. Nikifika, anafunga mlango wa stoo. Nikimuuliza, anasema, "Wewe kunywa uji, mwanangu."

Unakumbuka uliponitembelea maabara, ukanikuta nadondosha dawa kwenye glasi mpaka itokee rangi ya buluu? Ulicheka sana: "Umesoma miaka yote hiyo uje kuhesabu matone?" Siku hizi tuna mashine. Inasukuma sampuli kwenye bomba jembamba lililoshindiliwa chembechembe. Kila kitu kinatoka kwa dakika yake, na kwenye kompyuta kinachora kilele chake. Matone yale yalihesabu vitamini C na pacha wake kwa pamoja. Mashine inawatenganisha. Huyo pacha ameumbwa kwa vitu vile vile, ila vimepangwa kwa namna nyingine. Anazuia chakula kisigeuke rangi, lakini mwilini hawezi kushika kazi ya mwenzake. Na kwenye mapera hayumo, Mama. Anatoka kiwandani.

Nikapima pakiti ya mama mdogo. Vilele viwili.

Sikungoja. Jumamosi nilipanda Gonja, nikamwambia mbele ya akina mama wote, "Unawachanganyia watoto vitu vya kiwandani, halafu unawauzia kwa jina la mama!" Alijifunga kanga upya, akasema taratibu, "Pima na ya mama yako."

Pakiti yako ya mwisho nilikuwa nayo kabatini. Sikuwahi kuifungua, kwa sababu ule mkunjo wa juu uliukunja wewe. Niliikata kwa mkasi. Nilipima mara tatu, kipimo kile kile. Mara zote vilele viwili, na cha pili kirefu kuliko cha mama mdogo.

Nikarudi kwake. Akanifungulia stoo, akanionyesha kopo. Alisema masika moja mapera yalikuwa yanageuka meusi, ukashuka Same, mwenye duka akakupa unga mweupe: "Hii ndiyo vitamini C yenyewe, mama." Mlango alikuwa anaufunga ili nisilione kopo lako. Tangu ufariki alikuwa anapunguza kidogo kidogo, hajui ataachaje bila kukuaibisha.

Ningependa kuishia hapo, kwamba ulidanganywa. Lakini jina halisi lipo kwenye kopo, kwa herufi ndogo, na wewe ulikuwa unavaa miwani hata kusoma kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Ulisoma, Mama? Ulisoma ukanyamaza? Au ulimwamini tu yule mtu kwa sababu mvua ilikuwa haikatiki na akina mama walikuwa wanakutazama wewe? Nakushuku. Naliandika neno hilo na machozi yananitoka.

Mama mdogo nilimpigia magoti. Aliniinua, akasema, "Nimesikia."

Kopo tumelifukia. Unga sasa una madoa ya kahawia, maneno ya kwenye pakiti tumeyabadilisha, na akina mama wenyewe wamesimama sokoni kuwaeleza wanunuzi kwa nini. Wengine hawajarudi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi hivi: mtu akiniuliza habari zako, nitamwambia ulinipenda, nitamwambia ulichanganya unga, na nitamwambia sijui kama ulijua. Sitaruka hata moja.

Kwaheri.

Mwanao,
Nakijwa