Matairi Manne ya Kumleta Mayu

Jumanne, 5 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana. Nilikuwa narudi kutoka hospitali ya Kolandoto, kumpelekea dada Limi uji, gari likateleza kwenye kona. Nyuma ilitaka kupita mbele. Sikugusa breki. Nilishika usukani tu, likatulia lenyewe. Nikaegesha nyumbani.

Nikainama kutazama matairi. Ya nyuma ni kipara kabisa. Ya mbele kashata, yale meno ya kushika barabara, zimebaki upande mmoja tu.

Luka aliniachia gari hili alipokwenda kufanya kazi Windhoek. Mama, liendeshe kila siku, betri isife. Huu mwaka wa tatu naliendesha kila siku. Selika nyekundu, milango miwili, na ndani yake mwalimu mstaafu wa jiografia. Watoto wa mtaa wanaliita Panzi. Sijamwambia mtu kuwa nalipenda.

Matairi, basi. Lakini yapi?

Alhamisi, 7 Novemba

Makoye, mtoto wa dada Limi, kaja na habari kabla sijamaliza chai. Mgodi unapanua bwawa la tope, na bwawa litafunika makaburi ya Kasalazi. Kuhamisha mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenye kibali aje, aonyeshe kaburi lake, akabidhiwe mifupa, aondoke nayo kwa usafiri wake. Yasiyo na mwenyewe yatakusanywa shimo moja, bila majina.

Kasalazi. Tuliondolewa huko na mgodi nikiwa na mimba ya Luka, na sijarudi. Mayu, mama yetu, alibaki – pembeni ya boma, penye ua wa minyaa. Limi hawezi kutembea na nyonga yake. Kati ya wanaojua lilipo kaburi hilo, mwenye miguu ni mimi.

Nikamwambia Makoye: gari lako la Noah hilo hapo, twende. Akakwaruza kikombe kwa ukucha.

"Mama mdogo, mimi napakia abiria wa Kahama. Wakisikia gari limebeba mifupa, nitaendesha viti vitupu."

"Ni bibi yako."

"Bibi yangu, ndiyo. Abiria si wajukuu zake."

Hata madereva wa kukodi hawatakubali, anasema. Nimepiga simu kwa wawili. Wa kwanza alikata. Wa pili aliuliza kama ni mfu mpya au wa zamani, kisha naye akakata.

Nikatoka nje. Panzi lilikuwa limelala pale kivulini, tumbo karibu na ardhi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kwa Nasibu, fundi matairi wa karibu na stendi. Mtu wa Tanga, maneno mengi. Kanionyesha matairi ya mtumba, meusi, yanang'aa.

"Haya mapya kabisa, Mwalimu. Yameshuka kutoka Japani juzi."

Nikavaa miwani. Ubavuni pana tarakimu nne: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yalitengenezwa Luka akiwa sekondari. Nikamwonyesha.

"Loo, Mwalimu, wewe unasoma mpaka tairi."

Yakabaki ya aina mbili, yote mapya kweli. Ya kwanza mapana, membamba ubavuni, saizi ileile ya sasa. Yanashika lami hata ikiwa na maji, na ndiyo yanayolifaa gari hili. Ya pili yana ubavu mnene, yanataka rimu ndogo zaidi. Yanameza mashimo, ila kwenye kona gari litayumba kama ng'ombe aliyeshiba.

Barabara yangu ya kila siku ni lami tupu, nyumbani hadi Kolandoto. Ya Kasalazi ni changarawe na makorongo, siku moja tu. Nani ananunua matairi kwa ajili ya siku moja? Nimeondoka bila kuamua. Nimezunguka soko mara mbili, sikununua hata kitunguu.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada, Kolandoto. Limi alikuwa ameketi, shuka mpaka kifuani, macho makali. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo yeye ndiye anayetoa masharti. Anayakumbuka tangu baba alipomhamisha babu.

Mayu aambiwe njia. Kila kona, kila mto, kila mji: aambiwe, asije akabaki nyuma. Asikae mbele, kwa sababu aliyekufa hawaongozi walio hai. Na asitue. Akishainuliwa Kasalazi, asiguse ardhi mpaka Didia, kwenye shamba la Limi, ambako kaburi jipya linachimbwa.

"Na nikilazimika kusimama?"

"Mpakate. Wewe mwenyewe, damu yake. Usimpe mtu baki."

"Na nikiwa naendesha?"

"Ulisoma wewe," akasema, akageukia ukutani.

Luka kapiga simu. Amekataa katakata rimu ndogo. Mama, utalifanya lionekane kama limevaa kandambili. Nikamweleza safari.  Kisha akauliza, bibi alikuwa mrefu?

 Kwangu mimi alikuwa mrefu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimechukua yenye ubavu mnene.

Nasibu alijaribu rimu ya inchi kumi na tano, ikagonga breki. Ya kumi na sita ikaingia. Nilikuwa nimepiga hesabu nyumbani: rimu ikipungua na ubavu ukaongezeka, kimo cha gurudumu kinabaki karibu kilekile, na hata spea ya zamani itafaa. Nasibu akazungusha usukani pande zote mbili, hakuna kinachogusa. Akaanza kujaza upepo, akajaza, akajaza – huku wote wanajaza hivyo, kwa desturi ya kubeba mpunga. Nikamwambia apunguze.

"Mwalimu, tairi laini linakatika ubavuni."

"Abiria wangu hapendi kurushwarushwa."

"Mgonjwa?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, au asinisamehe, nitaona.

Nimelijaribu mpaka Kolandoto. Linayumba. Nilipoingia kona ileile, nilipunguza mwendo kama mtu mwingine yeyote. Nimehisi nimelinyang'anya kitu Panzi. Nimerudi nyumbani, nimesimama mlangoni nikilitazama. Kweli limevaa kandambili.

Ijumaa, 15 Novemba

Kibali cha bwana afya kimo mkobani. Kisanduku nimekichukua kwa seremala wa Didia, cha mbao za mninga, kimetulia. Kirefu kuliko nilivyotaka. Nimelaza viti vya nyuma ndipo kikaingia kwenye buti.

Makoye kapiga. Amefikiri. Atanisubiri Kahama, twende wote kwa Panzi, na yeye ndiye atakayempakata bibi yake tukisimama. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara. Kisanduku kiko mapajani, daftari langu la mfukoni juu yake. Siwezi kukitua wala kuondoka, kwa hiyo naandika.

Kahama Makoye hakuwepo. Nikangoja. Simu imezimwa. Nikaenda.

Matairi yamenifikisha. Lazima niyape haki yao: makorongo yote, changarawe yote, tumbo halikugusa hata mara moja. Kasalazi hakuna nyumba. Kuna uzio, kuna mlima wa tope uliopandwa majani. Lakini minyaa ipo. Mistari miwili, imezeeka, imeachana kidogo. Nikapiga hatua kutoka kwenye kona ya boma kama zamani nikienda kumwita kula alipoketi penye minyaa, nikasema hapa. Vijana wa mgodi wakachimba. Alikuwa hapo, na shanga zake za kiunoni.

Hakuwa mrefu. Nitamwambia Luka.

Nikamweka kwenye buti, nikamwambia: Mayu, tunatoka. Mayu, hili ni korongo la Mzee Kalisti, unalikumbuka. Mayu, tunakata kushoto. Sauti yangu ilinishangaza, ilikuwa ya mtoto.

Kisha mashimo yaliyofukiwa magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodini. Meupe, makali. Nilisikia mlio kama kitambaa kikichanwa. Tairi la mbele kulia, limekatwa ubavuni. Nasibu alisema. Nililifanya laini kwa ajili ya Mayu, na kwa ulaini huo limekatika.

Nikafungua buti kutoa spea. Hapo ndipo nilipoona. Spea iko chini ya ubao wa buti, na juu ya ubao amelala Mayu. Wiki nzima nimepima kashata, ubavu, rimu. Sikupima hili.

Nikamtoa. Nikampakata. Mwepesi kuliko mkoba wa madaftari ya darasa. Na nikiwa nimempakata siwezi kugusa spana.

Akapita mwanamume na pikipiki, tope la duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, mpaka magotini. Mchimbaji. Shikamoo, bibi. Marahaba. Anaitwa Boaz. Akashusha spea, akalegeza nati zote, upesi, mtu wa kazi. Jeki yangu imeliwa na kutu, ikagoma. Atakwenda kuazima moja kule kwenye maduara, si mbali.

"Weka mzigo chini, bibi. Utaumia."

"Hauniumizi."

"Mzito?"

"Si sana."

Akacheka. "Ndivyo wasemavyo wenye mali. Kuna mama alipakata kidebe cha unga kutoka Geita mpaka Kahama, hakukitua hata kwenda kujisaidia. Haukuwa unga, bibi."

Akaangalia gari jekundu. Akaangalia kisanduku, misumari yake, mikono yangu juu yake. Hakucheka tena. Akawasha pikipiki.

Sasa nafikiria. Huku mtu hakumbatii kitu namna hii isipokuwa dhahabu. Nikimwambia ni mifupa, ataniachia gari limelegezwa nati na hatatazama nyuma; nimeshaona hilo, hata kwa mjukuu wake mwenyewe. Nikinyamaza, ataendelea kuamini anachoamini. Kibali kimo mkobani, mkoba uko ndani ya gari, nami siwezi kuinuka na kufungua mlango bila kumtua.

Jua bado liko juu. Ng'ombe wanapita ng'ambo, mchungaji haonekani.

Pikipiki inarudi. Si moja. Mbili. Boaz mbele, jeki begani. Nyuma yake wawili kwenye pikipiki moja, mikono mitupu.

Mayu, tumesimama, ni tairi tu. Watu watatu wanakuja kutoka kulia. Jeki wanayo.