Kiwanja cha Mtanda

Mtanda, Lindi
3 Juni 1951

Mwanangu Klementi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, hofu ni kwako huko Tanga. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Wenzangu hapa mpaka waandikiwe. Nimekupatia kiwanja! Kiko katikati ya nyumba za watu. Jirani wote wamekipa mgongo, hakuna mlango unaokitazama, basi utakaa kwa faragha kama Bwana Shauri wa bomani, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Ukija na mkeo mtalala kwenu.

Mama yako, Apolonia

Tanga
20 Juni 1951

Mama mpenzi,

Milele amina, na shikamoo. Mkweo anakusalimu sana. Lakini mama, kiwanja kizuri hivyo, mjini, kimeachwa kwa nini? Ulizia kwanza, usinunue.

Mwanao, Klementi

Mtanda
11 Julai 1951

Mwanangu,

Marahaba. Mimi magoti tu, ila nikikutaja mbele za watu, karani wangu, yanapona.

Nimeuliza. Jirani yetu Mwanaima kanijibu, "Weka unga, bibi. Wenyewe watakwambia." Basi nikamimina unga wa mtama pale kiwanjani kama alivyofanya bibi yako, kijilima kikachongoka, nikakifunika bakuli. Asubuhi nafunua mbele ya majirani: kimebomoka, ndiyo kukataliwa.

"Pole, mama karani," akasema Mwanaima.

Pole! Mimi? Nikasema ni sisimizi. Jioni nikaweka mwingine, huu nikautia maji kidogo. Asubuhi umesimama kama mnara wa misheni! Wakatazamana, wakaondoka. Wivu huo. Nimenunua.

Mama yako, Apolonia

Tanga
30 Julai 1951

Mama,

Shikamoo. Sijapata usingizi tangu nisome barua yako. Unga ule wa maji ulikuwa wa kumdanganya nani? Nakuomba usichimbe msingi. Nakuja likizo Septemba pamoja na mke wangu, nitauliza mwenyewe.

Mwanao, Klementi

Mtanda
26 Agosti 1951

Klementi,

Usije.

Nilitaka ukute msingi tayari. Kibarua Romani na mwenzake wamechimba, jembe likatoa mifupa, watu juu ya watu. Nikamvaa Mwanaima: "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Waliokufa kwa ndui hatuwataji, bibi, tunaogopa kuwaita. Ndiyo maana tukauachia unga useme. Uliposimama tukajua wamekuridhia."

Mwenzake Romani tumemzika jana. Romani mwenyewe yuko humu ndani kwangu, homa na malengelenge. Watu hawapiti tena mlangoni kwangu. Maji Mwanaima ananiwekea njiani, anaita, anakimbia.

Leo nimeona vipele mkononi. Mkeo asikanyage huku. Barua hii ukishaisoma ichome, unawe mikono.

Mama