Kamba ya Papa Mbele ya Maprofesa

Papa Anselme,

Yambo sana kule Kasomeno! Huku kwetu, mutaa ya Annexe, mvua imeanza, Mama iko muzuri.

Nimepita, Papa! Binti yako iko docteur wa hesabu! Nilionyesha kwamba nukta zilizotawanyika kama vumbi, vumbi likiwa zito ya kutosha, umbali kati ya nukta na nukta unajaza kipande kizima cha mustari.

Professeur moja akauliza, "Wazo hii ulitoa wapi?" Nikatoa kamba yako ya mafundo ya kupandia mahindi, ile uliacha nyumbani. Nikawaeleza vile nikiwa mutoto nilipanda ovyo bila kamba, ukanikaripia, ukanipimisha umbali wa shimo kwa shimo. Hakuna vipimo viwili vilifanana! Salle nzima ya watu ikasimama kunipigia makofi.

Siku ulituacha, ulisema masomo imenitosha. Kamba sitaituma na camion ya kuja huko. Kuja uichukue mwenyewe. Mama hajapanda mahindi bado.

Docteur Sephora wako