Nyumba ya Kornel

Kilema,
Moshi.
10 Oktoba, 1976

Mpendwa Kaka Mathayo,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua kama kile kifua chako kimepona, au bado unakivutisha moshi wa karakana ya reli na kutuambia ni mafua. Wifi Veronika hajambo? Watoto je, wamelizoea joto la Tabora? Sisi huku tunaendelea vizuri, ukiacha goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kwa uhakika kuliko redio. Baba ni mzima. Kahawa bado tunachuma. Yule ng'ombe mweusi amezaa jike, na Baba anapokea pongezi kana kwamba amezaa yeye.

Najua unachongoja ni habari za ndugu yetu Kornel, kwa hiyo nisikuzungushe. Amepata matibabu, alichukuliwa wiki iliyopita. Ila namna alivyopata ni jambo refu kidogo, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kulisikia kwenye basi ukija Krismasi.

Ulipoondoka mara ya mwisho ulimwacha analala chini ya meza za soko la Kiboriloni, anakunywa gongo na kugombana na watu anaowaona yeye peke yake. Hakubadilika. Nikishusha ndizi siku za soko nilikuwa namkuta barazani kwa Rajabu, fundi cherehani, ambaye alimpa uji na hakumsimanga hata siku moja. Mgambo walikuja, wakawapakia kwenye lori yeye na wenzake kama magunia na kwenda kuwamwaga mbali. Baada ya siku chache wote walikuwa wamerudi. Hayo ndiyo yalikuwa matibabu yetu mpaka mwaka jana.

Mwaka huu mkoa umetenga fungu kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wenye ugonjwa wa akili na wenye kushindwa na pombe, wanaolala nje. Wamejengewa kijiji kule tambarare. Kuna muuguzi, kuna sindano ya kila mwezi, na kila mmoja ana tuta lake la kulima. Katibu Kata alipotueleza mkutanoni watu walinung'unika sana. Zahanati haina dawa ya malaria, wakasema, halafu fedha za wakulima zinakwenda kwa walevi. Niliona kila aliyepiga kelele ana mtu wake wa kumfungia ndani wageni wakija.

Fungu lenyewe ni dogo, kwa hiyo wakaweka sharti kwamba wa kwanza ni wasio na nyumba. Afisa ustawi wa jamii, Bibi Ruth, anapita kwa kila jamaa kuhakikisha. Ni mama mtaratibu, hapokei hata maji kabla hajamaliza kazi.

Sasa ngoja nikueleze Baba alivyompokea. Aliposikia serikali inakuja kumwuliza habari za mwanawe, alidhani anakuja kushtakiwa kwamba amemtupa. Unajua nyumba ile ya udongo aliyomjengea Kornel pale juu kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, karibu na mfereji. Kornel hakuwahi kuikaa. Tulikuwa tukimrudisha, tunamlaza, kukicha hayupo, na kwa nini haitaki hakuna aliyejua. Basi Baba aliifagia, akakandika ukuta upya, akamwamuru Mama atandike kitanda na blanketi la wageni, akatundika na taa ya chemli yenye mafuta. Bibi Ruth alipofika akaonyeshwa mpaka wa mimea ya masale, akaonyeshwa migomba ya Kornel na kahawa yake, mwisho akaonyeshwa kitanda.

Bibi Ruth akasema, "Mzee, nafasi hizi ni za watu wasio na kwao."

Baba akacheka kwa raha. "Basi mmepotea njia, mama. Hapa hakuna mtoto asiye na kwao."

Akamfungashia na mkungu wa ndizi. Mama alijua palepale kilichotokea, niliona anavyoziangalia ndizi zile zikiondoka. Nafasi ya Kornel alipewa mtu mwingine aliyekuwa akilala stendi. Simwonei wivu, alikuwa na haki yake.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake na manyunyu yasiyokatika. Rajabu alipanda mwenyewe mpaka kwetu kutuambia Kornel anakohoa damu. Tulimlaza hospitali, akapona, siku ya kutoka akarudi sokoni. Daktari alituambia wazi kwamba mapafu yale hayatavumilia msimu mwingine nje. Nilimwendea Bibi Ruth. Akasema kuna kundi la pili kabla ya mvua za vuli, lakini hawezi kufuta alichokiona kwa macho yake. Labda mzee mwenyewe aje aseme mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba kijana hana makazi.

Nilimweleza Baba jioni tukila mtori wa ndizi. Aliweka bakuli chini. "Niseme mwanangu hana kwao, na nyumba ninaiona kutoka hapa nilipokaa?" Nikamwambia ni maneno tu, Baba. Kosa kubwa hilo. Hakunisemesha tena mpaka Jumapili, na mimi nilikasirika, sikufichi, nikaona anathamini jina lake kuliko pumzi za mtoto.

Jumatatu asubuhi tukasikia panga. Alikuwa juu ya paa la nyumba ya Kornel, umri ule, anashusha nyasi. Majirani walidhani anataka kuezeka upya, wakaja na mapanga yao kusaidia kama ilivyo desturi, wakiulizana pombe ya mbege itatoka wapi. Hakuwaeleza kitu. Aliwaacha wang'oe nguzo na kubomoa kuta huku wakitaniana. Walipomuuliza ataanza kujenga lini, akawashukuru tu na kuwapa mbege yao. Kesho yake alipanda migomba pale palipokuwa na sakafu. Kisha akavaa lile koti lake la misibani, akashuka mjini na kumwambia Bibi Ruth, "Njoo utazame tena." Bibi Ruth alikuja, akatazama, akaandika jina la Kornel. Safari hii alikubali maji.

Siku ya lori tulikwenda wote Kiboriloni. Rajabu alikuwa amemshonea Kornel shati. Mimi nilimwomba Baba asiguse habari ya nyumba, nikiogopa Kornel atapandwa na hasira agome kupanda. Hakunisikia. Alimsogelea akamwambia, "Kornel, ile nyumba yako nimeibomoa."

Kornel akamtazama. Akauliza, "Na wale waliokuwamo?"

Baba, ambaye hakuweza kuidanganya serikali kwa neno moja tu, alimshika mwanawe bega. "Wametoka wote. Nimewaona kwa macho yangu wakitelemka bondeni."

Kornel akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akapanda lori mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Nililia, kaka. Nililia sokoni mbele za wateja wangu. Miaka yote ile tulikuwa tukimburura kumrudisha kwenye nyumba anayoiogopa.

Kama atapona sijui. Muuguzi naye hasemi. Tumeruhusiwa kumtembelea mwezi ujao.

Krismasi utakapopanda kihambani utakuta migomba michanga pale karibu na mfereji. Pita tu kama unapita shambani. Usimwulize Baba kitu, na uwaonye watoto. Hata yale mabati uliyosema umeanza kuyatafuta kwa ajili ya Kornel, acha kwanza. Baba amekwisha kukiingiza kitanda cha Kornel chumbani kwake.

Mama anakusalimu, na anasema ule. Baba anamsalimu Veronika. Shangazi Anyesi anaulizia kama mtoto wa mwisho ameota meno, na Rajabu anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu awalinde njia yote ya reli na awafikishe mlimani mkiwa wazima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Epifania